Meza ya Lazima

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nimpe habari zangu kwa kifupi, maana wa siku zote wananijua na pengine wameshanichoka.

Mimi ni mhudumu wa mgahawa, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Mume aliniacha, mwenye nyumba akanitoa chumbani, nikampeleka binti yangu wa miaka saba akae kwa dada yangu wakati mimi nalala chumba kimoja na wenzangu watatu wa kazini. Wiki iliyopita niliishia pale shemeji, mume wa dada, aliponiambia mbele ya mtoto kwamba mwisho wa mwezi nimtoe, nyumba yake si kituo cha kulelea watoto wa watu.

Nilibakiwa na tumaini moja. Fundi.

Fundi ni fundi wa mafriji. Alikuja kutengeneza friza letu la jikoni, akarudi mara nne, na friza lenyewe lilikuwa limepona siku ile ya kwanza. Tukakubaliana tuoane. Nyumba ya vyumba viwili ameshaipata, na amesema mtoto wangu atamlea kama wake. Ninamwamini. Kilichokuwa kimebaki ni mama yake kusema ndiyo, maana Fundi hafanyi jambo bila mama yake. Hata rangi ya gari lake la kazi, mama ndiye aliyechagua.

Jumatano akanifuata mlango wa nyuma wa jikoni, kofia mkononi.

"Mama anakuja kukuona."

"Lini? Nikasuke nywele?"

"Haji kwa mtindo huo. Anakuja hapa hapa kazini, Jumamosi mchana. Na hataki ujue. Anasema mtu ukimwalika nyumbani anakuja na tabia ya kuazima. Yeye anataka akuone uko kwenye kazi yako."

"Sasa mbona unaniambia?"

Akajikuna shingo. "Nimeshindwa kunyamaza."

"Basi nionyeshe na picha yake."

"Aa, hapo hapana. Nilimwapia sitasema kitu. Siku nimekuambia, uso sikuonyeshi. Nikikuonyesha na uso nitakuwa nimemdanganya mama kabisa kabisa."

"Kwa hiyo sasa hivi umemdanganya nusu."

"Nusu inasameheka."

Nikacheka mpaka mpishi akageuka. Leo nikikumbuka sicheki.

"Anakuja na nani?"

"Peke yake. Mama hapendi makundi."

Sasa hapa ndipo penye kuungama kwenyewe. Naomba msinihukumu kabla sijamaliza. Nikishamaliza, ruksa.

Pale kwetu kuna sheria imeandikwa chini kabisa ya menyu, kwa herufi za kutafutiwa miwani: meza ya watu sita na kuendelea, bili yao inaongezwa asilimia kumi ya huduma. Si ombi. Inakuja imeshachapwa. Na hiyo asilimia kumi ni ya mhudumu aliyewahudumia, inaingia kwenye mshahara wake mwisho wa mwezi.

Meza ndogo hailazimishwi. Ikipenda inakuachia bahashishi, isipopenda inakuachia asante.

Wateja wanadhani ile tozo inawanunulia huduma nzuri. Jamani! Ni kinyume chake. Watu kumi waliokaa pamoja, hela yao umeshaipata kabla hawajavuta viti, sasa uwabembeleze kwa lipi? Unayembembeleza ni yule aliyekaa peke yake, ambaye moyo wake hujui utaamkaje. Kwa hiyo meza kubwa tukaipa jina, meza ya lazima, na meza ya lazima desturi yake ni kungoja. Sikuanzisha mimi. Lakini wahudumu wapya wote walioingia miaka miwili hii, mimi ndiye niliyewafundisha. "Hao hawaendi popote," nilikuwa nawaambia. "Anza na mdogo."

Na nilikuwa najiona nina akili sana.

Jumamosi nikavaa sare niliyoipiga pasi mara mbili. Saa sita na nusu akaingia mama mmoja mtu mzima, mfupi, miwani, mkoba ameubana kwapani. Peke yake. Akasimama mlangoni, akaangalia dari, akaangalia sakafu, kisha akaniangalia mimi.

Nikajua ndiye huyu.

Nikamvuta mwenzangu tunayemwita Mrefu. "Meza ya tatu usiiguse. Hata ukiiona inaungua, niite mimi nizime."

Nikamwendea. "Shikamoo mama, karibu mama. Kaa kiti hiki mama, hicho kingine mguu wake mmoja hauna adabu."

"Marahaba. Nataka supu tu."

"Supu ya kuku ipo, ya mboga ipo. Na kama chumvi huitaki nitasimama jikoni nimkamate mpishi mkono."

"Ya kuku. Asante."

Akafungua kitabu, akaanza kusoma. Nikajisemea moyoni, mjanja huyu, anajifanya hanioni.

Dakika tano hazikupita, wakaingia watu tisa. Meneja akanionyesha kwa kidevu: meza ndefu ya dirishani, ni yako. Siku nyingine ningeshangilia. Siku hiyo niliona ni kero tupu.

Kulikuwa na mwanaume mwenye tai aliyekuwa akiwapanga wenzake vitini, wazee wawili, wanawake kadhaa, na mama mmoja mfupi aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, akaketi mwisho wa meza akiutazama ukumbi. Wakawa wananiangalia sana. Wananong'onezana, wanatabasamu.

"Wewe ndiye utakayetuhudumia?" mwanamke mmoja akaniuliza, uso umemjaa furaha, sijui ya nini.

"Ndiye mimi. Menyu hizo hapo. Nakuja."

Sikuja.

Waliomba maji mara tatu, yakafika wameshamaliza kula. Waliagiza juisi ya embe, nikawapelekea ya chungwa, na waliponiambia nikawajibu kwamba embe limekwisha, ambapo lilikuwa limejaa tele. Kuku wao akakaa kwenye dirisha la jikoni mpaka mafuta yakaganda. Mpishi anagonga kengele, anapiga kelele, "Chukua chakula cha watu wewe!"

Mimi niko wapi? Namkamulia ndimu mama wa meza ya tatu kwenye supu yake. Nampelekea tishu. Namletea mkate ambao hakuuomba. Nahamisha feni imwelekee.

Mzee mmoja wa meza ya dirishani akaomba kijiko. Nikasema nakuja. Akaomba tena, kwa upole tu, kama mtu anayeona haya kusumbua. Nikasema nakuja, nimekusikia.

Mama wa meza ya tatu akainua uso kutoka kwenye kitabu. "Binti, wale wanakuita."

Na mimi, kwa kutaka nionekane mkwe mwenye mapenzi, nikainama nikamwambia hivi, neno kwa neno:

"Waache wale mama, wasikusumbue. Wale wamefungwa kwenye bili. Wapende wasipende, asilimia kumi yangu iko palepale, hata nikiwapa mgongo mpaka jioni. Wewe ndiye mgeni wangu leo."

Yule mama hakucheka. Akasema "Mh," akageuza ukurasa.

Nikageuka. Kwenye kabati la vijiko, hatua mbili tu kutoka pale niliposimama, alikuwa yule mama mwenye kitambaa cheupe. Alikuwa amekuja kujichukulia kijiko mwenyewe. Alinitazama, kisha akarudi taratibu akampa mzee kijiko chake.

Nikasonya. Mungu anisamehe, nilisonya, na nadhani alisikia.

Mama wa supu akamaliza, akaita bili, akalipa kamili. Hakuzidisha hata senti.

"Asante kwa moyo wako, binti, lakini umenichosha. Nilitaka nisome kidogo kabla sijarudi dukani."

"Duka gani, mama?"

"La dawa. Hapo ng'ambo ya barabara, nimeanza kazi wiki hii."

Mnadhani nilishtuka? Wapi! Nikasema moyoni, mtego unaendelea. Na kuhusu bahashishi, nikajipa jibu mwenyewe, kwamba tangu lini mama mkwe akampa mkwe wake bahashishi? Nikamsindikiza mpaka mlangoni nimevimba kichwa. Nyumba ya vyumba viwili niliiona hii hapa, mtoto wangu kitandani kwake, shemeji na maneno yake kwaheri.

Nyuma yangu mwenye tai akapiga meza. "Dada! Hebu njoo hapa."

Nikaenda.

"Hii asilimia kumi ni ya nini?"

"Ya huduma."

"Huduma ipi? Kijiko mama amejifuatia mwenyewe. Maji tumenawia, maana yalifika tumeshakula. Juisi tumekunywa ya watu wengine. Nionyeshe hiyo huduma iko wapi, niilipe."

Ningeomba radhi pale pale, labda leo ningekuwa nawasimulia mengine. Lakini mimi nikiguswa, mdomo unatangulia.

"Imeandikwa kwenye menyu, kaka. Kusoma si unajua?"

Yule mwanamke aliyekuwa na furaha akaweka mkono mdomoni.

Meneja akafika mbio, funguo zinalia kiunoni. "Samahani mzee. Ni sheria ya nyumba, lakini mteja akikataa naweza kuifuta. Ila inabidi uandike sababu na utie sahihi. Halafu mhudumu," akanitupia jicho, "tunampumzisha."

Kupumzishwa kwetu maana yake tunaijua. Wawili walipumzishwa mwaka jana, wanapumzika mpaka leo.

"Lete kalamu," mwenye tai akasema.

Akaandika neno la kwanza. Akaandika la pili.

"Weka kalamu chini." Alikuwa yule mama mwenye kitambaa cheupe.

"Mama, wewe mwenyewe si umeona..."

"Nimeona. Weka kalamu. Walituandikia tangu mwanzo, tukakaa, tukala. Lipa yote."

"Hakutuhudumia huyu!"

"Sikatai. Ila sitaki mtu akose kazi kwa mkono wetu. Lipa."

Akalipa huku ananung'unika. Meneja akachana karatasi, akaondoka. Nikashusha pumzi. Na niwaambie ukweli wote, kwa kuwa nimeshaamua kuusema: sikumshukuru yule mama. Nilijiona nimeshinda.

Mara nikasikia sauti ya Fundi mlangoni. "Mama!"

Nikageuka nikitabasamu, nikaangalia meza ya tatu. Ilikuwa tupu, nimeshaifuta mwenyewe.

Fundi akanipita, akanikonyeza, akaenda moja kwa moja mpaka meza ya dirishani. "Shikamoo mama! Shikamoo baba mdogo! Kaka, na wewe umo? Si mlisema mama atakuja peke yake?"

"Peke yake wapi!" yule mwanamke akajibu, ila furaha ilikuwa imeshamtoka. "Tangu juzi mama yako hatulazi, ni mkwe wangu, mkwe wangu. Katukodia gari tuje wote tumwone anavyochapa kazi."

Nikashika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu.

Mnaelewa? Yule mama wa kitambaa cheupe hakuja kunipima. Jibu alikuwa ametoka nalo nyumbani. Alikuja kunionyesha kwa ndugu zake.

"Basi mmeshamwona!" Fundi akasema. "Si niliwaambia?"

"Tumemwona," mwenye tai akasema, akiangalia nje.

Fundi hakuelewa. Akiwa na furaha huwa haelewi kitu. "Ngojeni, nina mtu kwenye gari," akasema, akatoka mbio.

Mama yake akainuka. "Nionyeshe pa kunawa mikono," akaniambia.

Tukaenda kwenye beseni la ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Akafungua maji, akanawa polepole. Mimi nimesimama na taulo kama mshtakiwa.

"Ulijua nakuja."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu alikuambia."

"Ndiyo."

"Na yule mama wa supu ulidhani ndiye mimi."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vigae. "Nisamehe mama. Ningejua ni nyinyi, wallahi ningewahudumia mpaka..."

"Inuka. Ningejua, ningejua. Hilo ndilo linaloniuma." Akafunga bomba. "Ungejua ungekuja mbio, hata sina shaka, nimekuona unavyoweza kukimbia. Lakini mimi nikishakuwa mama mkwe wako si nitakuwa wa lazima? Siku nikilala kitandani, sina cha kukupa wala cha kukunyima, nimekuwa mzigo tu ndani ya nyumba. Maji nitaletewa saa ngapi?"

Nikainuka, nikamnyooshea taulo.

"Mwanangu sitamwambia," akasema. "Utamwambia wewe. Yale maneno uliyomwambia yule mama, vilevile yalivyo, usipunguze."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimaanisha, naapa.

Ndipo Fundi akatokea, na mkononi amemshika binti yangu.

Alikuwa amevaa gauni lake la njano. Mgongoni amebeba begi lake la shule, na Fundi mkono wa pili amebeba mfuko mkubwa wa nguo.

"Mama!" mtoto akanirukia. "Baba mkubwa amesema nichukue vitu vyangu vyote. Amesema nisirudi."

Nikamtazama Fundi.

"Nilikwenda kumchukua aje amwone bibi yake," akasema kwa sauti ya chini. "Mume wa dada yako akanikabidhi na mizigo, mlango akafunga. Nikasema sawa tu, kwani kuna shida gani? Leo leo si tunakuwa familia?" Akamgeukia mama yake, akanigeukia mimi, meno yote nje. "Haya, niambieni. Mama amesemaje? Amekubali?"

Mama yake alikuwa anajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Aliniachia mimi nijibu.

Nikaangalia ule mfuko. Kandambili za mtoto zilikuwa zimechungulia juu, na mswaki wake umechomekwa pembeni. Nikafikiria usiku wa leo atalala wapi. Nikafikiria yale maneno, vilevile yalivyo.

"Amekubali," nikasema.

Fundi akapiga kofi la furaha, wateja wakageuka. "Nilijua! Mama, nilijua!"

"Nimemkubali mtoto," mama yake akasema.

Kofi la pili likamwishia hewani. "Mama?"

"Mtoto nimemkubali. Hana kosa lolote, na kule alikotoka harudi. Atakaa kwangu. Mama yake bado, na sababu anaijua. Nilimpa nafasi akuambie mwenyewe, umesikia alichokuambia." Akakunja taulo, akaliweka pembeni ya beseni. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa binti yangu. "Wewe, hujui kusalimia?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi twende, hapa si pa kula. Nitakupikia nyumbani."

Akamshika mkono. Fundi hakuwa akiwaangalia wao. Alikuwa akiniangalia mimi, na lile tabasamu lilikuwa linamtoka kidogo kidogo.

"Nafasi ya kuniambia nini?" akaniuliza.

Binti yangu alipiga hatua moja na bibi yake, akasimama. Mkono wake mmoja ulikuwa kwa bibi, na ule mwingine ulikuwa umeng'ang'ania aproni yangu.

"Mama," akasema, "niende?"